Siku za Mlango Wazi

Nilikuwa napiga pasi vitambaa vyangu vya mwezi. Naanzia hapo kwa sababu hata leo dada yangu akitaka kunicheka mbele ya watu huanzia hapo. Vilikuwa vipande vya leso kuukuu na blanketi la pamba. Nilivikata vyote kwa kipimo cha kiganja, nikavishona ukingo, na kila mwezi nikishavifua na kuvianika chini ya leso nyingine ili macho ya wanaume yasivifikie, nilivipiga pasi ya makaa mpaka vikanukia moto. Nilikuwa nimesoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari kwamba joto huua vijidudu. Gazeti lilichanika kabla ya kusema ni joto kiasi gani, kwa hiyo mimi niliongeza makaa tu.

"Haki wewe," dada alisema kutoka mlangoni, "hivyo ni vitambaa ama ni sare ya polisi?"

"Ni vijidudu, dada."

"Vijidudu wenyewe wakikuona watakupigia saluti."

Hapo palikuwa Kathonzweni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wazee wengi walikuwa bado wanasema tuko Machakos, ingawa wilaya ilikuwa imegawanywa. Sisi kwetu ni Tulia, upande wa Kitui. Dada aliolewa ng'ambo ya mto Athi, na ndoa yake ilikuwa inaingia mwaka wa nne bila mtoto. Mama hakuitaja sababu hiyo aliponituma. Alisema tu, "Nenda ukamshikie dada yako jembe." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule ya msingi nilimaliza, sekondari sikuenda, na yote niliyoyajua baada ya hapo niliyaokota mwenyewe: kwenye magazeti ya dukani, kwenye mabango ya dispensari, kwenye vitabu vya kanisa vilivyopoteza jalada. Mtu anayejifunza hivyo huwa na hofu. Kila mara nilihisi kuna ukurasa ambao wenzangu wamesoma na mimi sikuupata.

Nikikumbuka miezi ile, kwanza nakumbuka mto wa karibu na boma, si Athi. Ulikuwa mto wa mchanga, mkavu mwaka mzima isipokuwa mvua inapoteremka kwa hasira na kupita. Maji tuliyachimba. Ulipiga magoti, ukafukua mchanga kwa bakuli, ukasubiri, na maji yakaja polepole, baridi, yakiwa na harufu ya jiwe lililolowa. Kisima cha juu kilikuwa cha kunywa. Cha katikati kilikuwa cha punda na ng'ombe. Chini kabisa, baada ya kona yenye migunga, kulikuwa na kisima cha wanawake walio katika siku zao. Hakuna aliyetangaza. Ulichukua karai lako, ukapita visima viwili bila kusimama, na wote waliokuona walijua. Hawakusema lolote ila labda, "Pole, mwiitu," yaani pole, msichana. Nilipenda heshima ile. Kwetu Tulia tulifulia nyumbani kwa kujificha, na mimi nilikuwa naogopa doa kiasi kwamba niligeuza sketi yangu kuikagua hata katikati ya maombi. Pale mtoni niliona wanawake wakiteremka kwenda kisima cha chini kama watu wanaokwenda sokoni, nikapumua.

Mama mkwe wa dada alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Alimpenda dada. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya aonekane mbaya, na hakuwa mbaya. Alitaka mjukuu. Majirani walikuwa wameanza kumuuliza kwa mafumbo kama mwanawe hatafuti mke wa pili, na kila mara aliwajibu, "Huyu niliye naye bado sijamaliza kumpenda." Lakini usingizi ulikuwa umempungua, na sote tuliliona.

Yeye ndiye aliyempangia dada siku. Alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba mwanamke hushika mimba akiwa ndani ya damu, kwa sababu wakati huo tu ndipo mlango wa tumbo uko wazi. Siku nyingine mlango umefungwa, mtoto anabisha anarudi. Kwa hiyo dada alipoteremka kisima cha chini, mama mkwe alikwenda sokoni kutuma ujumbe. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa na alilala zaidi Mtito Andei kuliko nyumbani. Ujumbe ulipelekwa kwa mdomo na kondakta wa pikapu mpaka barabara kuu, na kutoka hapo madereva wakapokezana: "Mwambieni mama yake anauza mbuzi, aje."

Siku moja nilikuwa naye sokoni, nikamsikia kondakta akimwambia, "Mama, huyu mbuzi wako wa kila mwezi, haishi kuuzwa? Ama ni mbuzi wa serikali?"

"Wewe peleka maneno," mama mkwe alimjibu. "Ukiwa na mbuzi wako utauza utakavyo."

Shemeji alikuja. Alishuka barabara kuu, akapata gari la kuja sokoni, na kutoka sokoni alitembea akiimba. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kicheko kinachotangulia miguu. Kila alipokuja alimletea dada mkate wa duka na furushi la pamba nyeupe, ile ya hospitali, limefungwa kwa gazeti. Sikuwahi kumwona mwanamume mwingine akimnunulia mkewe pamba. Gazeti nilichukua mimi kusoma.

"Bibi yangu mdogo!" aliniita, kama mashemeji wanavyoitana kwetu. "Bado hujaolewa? Wanaume wa hapa ni vipofu ama unawapiga pasi?"

Na mimi nilikosa la kujibu. Shemeji ni mtu wa utani. Ndiye mtu pekee katika ukwe ambaye unaweza kumwambia lolote, mradi liwe na kicheko ndani. Lakini utani kwangu ulikuwa kama hesabu ya ubaoni: nilitaka jibu liwe sahihi kabla ya kufungua mdomo, na nilipolipata, watu walikuwa wamekwenda kulala.

Ni mimi niliyeona kwanza kwamba dada anakwenda kisima cha chini kupita kiasi. Kwa kuwa nilikuwa nahangaikia siku zangu, nilizijua na zake. Alifua, akamaliza, na baada ya muda mfupi nikamwona tena na karai. Madoa kidogo, alisema. Akiinua mtungi wa maji mgongoni alishika tumbo chini ya kitovu na kusimama kwanza. Akipanda mbaazi alikaa chini katikati ya mstari.

"Dada, hiyo si kawaida."

"Ni nyonga tu."

"Nyonga haitoi damu."

"Basi wewe ni daktari. Nipige pasi."

Alicheka peke yake, halafu akalia. Tulikuwa tumekaa kwenye mchanga, karai katikati yetu. Akaniambia kwamba maumivu yalianza baada ya Krismasi, kwamba siku zake zilikuwa zinamchoma, na kwamba zile siku za mbuzi alikuwa anauma meno mpaka ziishe. Hakumwambia mumewe kwa sababu mtu ametoka mbali. Hakumwambia mama mkwe kwa sababu mama mkwe angesema ni mlango unafunguka.

"Na kama tumbo limeharibika?" aliniuliza. "Nitakaa hapa kama nani?"

Sikulala vizuri siku zile. Niliamini kwamba nikikosea neno moja, tumbo la dada litaharibika kwa sababu yangu.

Tulikwenda dispensari tukisema tunakwenda kusaga. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mzito, asiyetabasamu bure. Alimpima dada nyuma ya pazia, akaosha mikono, akaketi. Alisema ni ugonjwa wa zinaa, umeingia kwenye shingo ya kizazi na sasa unapanda. Dada aliinama kama aliyepigwa.

"Mimi sijatoka nje," alisema.

"Sijauliza nani ametoka," muuguzi alimjibu. "Nauliza mnakutana siku gani."

Dada hakuweza, nikasema mimi. Nilieleza habari ya mlango. Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Ni kweli siku hizo mlango hulegea," alisema. "Wazee waliona vizuri. Lakini mlango ukiwa wazi hauchagui mgeni. Mtoto hapatikani siku hizo, ni nadra sana. Kinachoingia ni ugonjwa, na damu yenyewe ndiyo chakula chake. Hata ule wanaoutangaza redioni hupita hapo upesi kuliko siku nyingine, kwake na kwa bwana pia." Akamgeukia dada. "Naweza kukutibu leo. Lakini nikikutibu peke yako, mwezi ujao utarudi. Njoo na bwana yako."

Tulirudi nyumbani. Sasa shida ilikuwa: nani atamwambia? Dada hangeweza. Mke asiye na mtoto akimwambia mume kwamba ameleta ugonjwa, maneno hayo husikika kama madai ya talaka, na walikuwepo waliosubiri tu mlango wa mke wa pili ufunguke. Mama yetu hangeweza. Kwetu kuna kitu tunachokiita nthoni, heshima kati ya mkwe na mama wa mke: hata njiani mmoja hupisha, sembuse kutaja mambo ya kitandani. Mama yake mwenyewe hangeweza kumwuliza mwanawe alilala wapi. Ukizunguka boma lote, unabaki na shemeji wa utani. Unabaki na mimi.

Nilianza kufanya mazoezi. Nilikwenda shambani nikasema utani kwa mbaazi. "Shemeji, umeleta pamba, mbona hukuleta daktari?" Mbaya. "Shemeji, barabara ya Mombasa ina mashimo mangapi?" Huo nilipoufikiria vizuri nilishika uso kwa aibu. Nilirekebisha, nikapunguza, nikabadilisha neno la mwisho. Dada alinisikia siku moja kutoka nyuma ya ghala akasema, "Utaniua kabla ya ugonjwa."

Shemeji alikuja bila kuitwa na mbuzi. Lori lilikuwa gereji, naye alipewa siku chache. Mchana ule mama mkwe alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama, dada alikuwa ndani akijifanya anafagia, na mimi nilikuwa kwenye kivuli cha jikoni nikiambua mbaazi mbichi. Shemeji alivuta kigoda akaanza kunisaidia. Vidole vyake vilikuwa vinene, mbaazi zilimruka.

"Shemeji," nilisema.

"Sema, bibi yangu mdogo."

"Lori lako hupimwa uzito pale Mariakani."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe hupimwa wapi?"

Alinitazama, kisha akacheka kiasi kwamba kuku walikimbia. "Ai! Leo shemeji ameamka! Rudia, rudia nimpelekee tanboi wangu, yule msaidizi wa lori." Alifuta macho, akasubiri la pili. Ndivyo utani wa shemeji ulivyo, mmoja huvuta mwingine. Na mimi la pili sikuwa nalo. Kwa mazoezi yote yale, nilikuwa nimetengeneza moja tu, kamilifu, na baada yake palikuwa patupu. Machozi yakanitoka juu ya ungo.

"Dada ni mgonjwa," nilisema. "Ni ugonjwa wa kulala pamoja. Muuguzi anasema umepanda tumboni. Anasema mwende wawili."

Ndani ufagio ulisimama.

Shemeji hakukasirika. Ningejua la kufanya kama angekasirika. Alishika ganda la mbaazi akalikunja, akalikunjua.

"Mimi nilidungwa sindano," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mtito Andei. Kabla ya Krismasi. Yule mtu wa sindano aliniambia nimepona."

"Na dada?"

"Mwanamke si hujisafisha kila mwezi? Ndivyo tunavyosema sisi. Mwanamume ndiye huziba, kwa mwanamke ugonjwa hutoka na damu. Nilijua hata kama nilimletea kitu, kitatoka." Akalitupa ganda. "Ndiyo sababu sikukataa kuja siku hizo. Mama alitaka mtoto. Mimi niliona namkinga."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimepanga hata sura nitakayomwonyesha. Lakini alisema neno lile, namkinga, kama mtoto anayeonyesha mkono uliovunjika, na nilikumbuka mafurushi yote ya pamba. Hasira haikwisha. Ilikaa tu pamoja na kitu kingine.

"Muuguzi amesema ni kinyume," nilimwambia. "Siku hizo ndizo mbaya zaidi."

"Kinyume kabisa?"

"Kabisa."

Aliinuka, akaingia ndani. Sikusikia. Naapa nilijaribu kusikiliza na sikuweza, kwa sababu walizungumza polepole. Mara moja tu dada alipaza sauti: "Uliponiona nauma meno ulidhani nacheka?" Baada ya hapo kilio, na hakikuwa cha dada.

Asubuhi walikwenda dispensari wote, yeye mbele na dada nyuma, na walipofika barabarani nilimwona amesimama kumsubiri ili watembee sambamba. Walipewa dawa, kila mtu zake, na amri ya kutokutana mpaka wote wamalize na muuguzi awaone tena. Kipimo cha ule ugonjwa wa redioni hakikuwepo pale. Walitumwa hospitali kubwa, na siku za kungojea majibu nilipiga pasi kila kitu ndani ya nyumba, hata mifuko ya unga. Damu ya wote wawili ilikuwa salama. Dada aliniambia akiwa bado kwenye lango, kabla ya kuvua viatu, kwa sababu alijua nisingeweza kusubiri afike mlangoni.

Kwa mama yake, shemeji alisema maneno machache. "Mama, usiniite tena kwa habari ya mbuzi. Nitakuja mimi mwenyewe."

"Na mlango?" mama mkwe aliuliza, bila aibu, mbele yetu.

"Mlango uacheni."

Alimtazama mwanawe, akamtazama dada, akavitazama vidonge mezani. Sidhani hakuelewa kwamba kuna ugonjwa, ila habari ya siku hakuna aliyemweleza. Alichukua kikombe akakijaza uji, akamwekea dada kwanza, kabla ya mwanawe. Kwetu hilo si jambo dogo.

Maumivu yaliisha taratibu. Madoa yalikoma. Halafu siku moja dada alichukua karai akapita kisima cha kwanza, akapita cha pili, kwa wakati wake, bila kushika tumbo, na mimi niliyekuwa nachota juu nilifurahi mpaka nikamwaga maji. Kisha nikakumbuka maana ya damu kwa mwanamke anayengoja mtoto, nikaona aibu kwa furaha yangu. Alipokuwa anarudi nilimwambia pole. "Ya nini?" alisema. "Leo imekuja kama mgeni mwenye adabu. Imebisha."

Mtoto alikuja mwaka uliofuata, msichana, na mpaka naandika haya hajafuatwa na mwingine. Muuguzi alisema huenda makovu yalibaki. Dada hulisema bila kulia sasa. Mimi bado.

Nilikuwa bado kwake mtoto alipoanza kukaa. Siku moja tulikuwa mtoni, wanawake wengi, kisima cha juu kikiwa na foleni. Mama mkwe alikuwa na furaha ya bibi, na furaha ile ilimfanya mwalimu. Kulikuwa na bibi harusi wa boma la jirani, msichana mpole aliyekuwa bado anafunika mdomo akicheka, mume wake akifanya kazi Mombasa. Mama mkwe alimwambia asihangaike.

"Mwite bwana yako ukiwa ndani ya damu," alimwambia. "Ndivyo huyu wangu alivyopata. Uliza."

Wanawake waliitikia. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga kwa mwaka mzima, yote sahihi, na nilijua nikiyasema yatakuwa ya msichana asiyeolewa anayesoma magazeti ya sukari. Nilimtazama dada. Alikuwa amempakata mtoto, na nilijua akisema atakachosema, kesho kutwa kitakuwa kimefika Tulia.

"Mama, hapana," dada alisema.

"Hapana nini?"

"Sikupata mtoto siku hizo. Siku hizo nilipata ugonjwa."

Mtu mmoja aliacha kuchota, bakuli likaelea.

"Ugonjwa wa zinaa," dada aliendelea, na sauti hakuipunguza. "Mimi na bwana yangu. Tulitibiwa wote wawili ndipo huyu akaja. Msimdanganye mtoto wa watu."

Niliogopa. Mama mkwe alikuwa ameaibishwa mbele ya wanawake aliokuwa akiwaombea kanisani, na mwanawe ametajwa. Alikaza leso yake kiunoni, akafungua, akakaza tena. Yule bibi harusi alikuwa akitazama mchanga.

Halafu mama mkwe alinyoosha mikono yake miwili.

"Niletee huyu mtoto nimshike," alimwambia dada. "Kaa hapo karibu naye, umwambie vizuri, tangu mwanzo. Sisi wengine pia tutasikia."